Marehemu Alitembeaje?

Mwanangu Seifu,

Barua hii haina safari ndefu. Inatoka chumba cha mbele cha duka na kuingia kwenye begi lako lililoko chumba cha nyuma, chini kabisa ya mashuka, ambako najua hutafika mpaka uwe Mwanza. Umekwenda Umwe kumuaga bibi yako Mwanahawa, nami nimekuambia usirudi kabla hujala kwake, kwa hiyo ninao mchana mzima. Mlango nimeurudishia nusu ili wateja wadhani nimefunga.

Utashangaa kuona nimeandika kwa mkono. Kibiti nzima wananiita Mama Taipu, halafu mwanangu namwandikia kwa kalamu kama mtoto wa darasa la nne. Nimefanya makusudi. Nikikaa kwenye mashine nina tabia ya kusafisha. Sentensi ikikaa vibaya, vidole vinairekebisha kabla sijafikiri, na jambo ninalotaka kukuambia likisafishwa litakuwa jambo jingine. Utavumilia mwandiko na mikwaruzo.

Sitakuambia ule vizuri wala uangalie marafiki. Hayo bibi yako anakuambia sasa hivi, na ninavyomjua ameshayarudia mara ya tatu. Mimi nataka kukusimulia kisa cha Mhandisi Mbonde.

Najua, utasema hicho unakijua. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, siku ile ulikuwepo Umwe ukibeba masinia ya pilau. Kila sikukuu tunakirudia hapa nyumbani, na wewe unamwigiza Mwalimu Shija vizuri kuliko alivyo yeye mwenyewe. Lakini unajua nusu yake, ile ya kuchekesha. Nusu ya pili nimekaa nayo peke yangu miaka saba. Ili uielewe, itabidi nianze mbali kidogo, na unisamehe nikikueleza na yale unayoyajua.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Utete. Niliingia msichana, nikiwa na cheti changu kwenye bahasha ya nailoni. Kazi ya mpiga chapa, mwanangu, watu wanadhani ni vidole. Siyo. Mkubwa anakuletea rasimu aliyoiandika kwa haraka: aya ya kwanza inasema kikao ni Jumatatu, aya ya tatu inasema Alhamisi. Mpiga chapa asiyejua kazi anakwenda kumuuliza, anafokewa. Anayejua anatazama kalenda ukutani, anachagua siku yenye akili, anapiga. Barua inatoka safi, mkubwa anatia saini, na wote mnaonekana watu wa maana. Mimi nilikuwa hodari wa hilo kuliko wote. Wakubwa walinigombania.

Basi ukaja wakati wa kupunguza watu. Walitukusanya ukumbini, wakasoma majina, na langu lilikuwa kwenye karatasi ambayo niliipiga mwenyewe asubuhi yake. Nililiona nikiwa nalipiga. Niliangalia kama limeandikwa sawasawa, nikaendelea na jina linalofuata. Nakuambia hili ili ujue mama yako ni mtu wa namna gani.

Walitupa kiinua mgongo kidogo, nami nikanunua moja ya mashine kuukuu za ofisi. Nikaja nayo Kibiti, nikafungua hapa kando ya barabara. Zilikuwa siku za kila mtu kufungua kitu. Huyu mitumba, yule soda, yule ananunua kamba wa delta na kuwapeleka Dar kwenye barafu. Mimi niliwapigia barua na mikataba. Baba yako alikuwa ameshahamia Kilwa kwa mwenzangu, kwa hiyo nyumba ilikuwa mimi na wewe na ile mashine.

Kila baada ya miezi michache nilikwenda Dar kununua tepe za mashine na karatasi za kaboni. Safari moja nikaingia duka la intaneti. Mwenye duka akaniambia, "Mama, biashara siku hizi bila barua pepe hakuna." Akanifungulia anwani yenye jina langu na la ukoo: Asha Mbonde. Nikatoka pale nimevimba kichwa. Mwanamke wa Rufiji, ana anwani ambayo haihitaji stempu.

Safari tatu nilikwenda nikaikuta tupu. Ya nne nikakuta barua.

Ilikuwa ya Kiingereza, imetoka kwa wakili wa nchi ya mbali. Wewe leo ungeicheka kabla hujaimaliza. Mimi nilisimama, Seifu. Niliinuka kutoka kwenye kiti cha watu, kwa heshima. Kilichonisimamisha ni kumbukumbu namba. Pale juu kulikuwa na kumbukumbu namba ndefu, ina herufi na mistari mitatu ya mshazari, kama zile zetu. Miaka yangu yote ya ofisi iliniambia hivi: barua yenye kumbukumbu namba imetoka kwenye jalada, jalada liko kabatini, kabati liko ofisini, na ofisini kuna watu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuandika namba tu, nyuma yake pasiwe na kabati.

Wakili alisema mteja wake, Mhandisi J. Mbonde, amefariki pamoja na mkewe, hakuacha mtoto, na mali yake imelala benki. Sheria inataka ndugu wa ukoo. Baada ya kutafuta dunia nzima amenipata mimi. Niwe mwepesi, na nisimwambie mtu.

Jina la ukoo alilitoa kwenye anwani yangu mwenyewe, lakini hilo sikuliona. Nilichoona mimi ni hiyo J. Unajua habari ya Jumanne Mbonde, kaka yake bibi Mwanahawa. Alikuwa akikata boriti kwenye mikoko ya delta, akaondoka na chombo kilichozipeleka Arabuni, na tangu hapo hakuna aliyepata habari zake. Nilipomfikishia bibi barua ile, nilimtajia J tu. Hakungoja nimalize. Alishika kifua akasema, "Jumanne! Kaka'ngu miye! Tangu mdogo alikuwa hawezi kuona redio akaiacha bila kuifungua. Mhandisi, ndiye huyo!"

Sasa sikiliza nilivyofanya. Barua ya wakili ilikuwa na kasoro. Aya ya pili ilisema marehemu alikufa kwa ajali ya ndege. Aya ya nne ilisema alikufa kwa ajali ya gari, akitoka kazini. Niliiona kasoro hiyo pale pale kwenye kiti. Nikasema moyoni, maskini mpiga chapa wao, leo kachoka. Nilipoitafsiri kwa ajili ya ukoo, nikachagua ndege, kwa sababu mhandisi kufa kwa ndege kunaelekea zaidi. Pale aliposema nisimwambie mtu, nikapiga "kwa busara." Nikapiga nakala nne, nikaacha nafasi nzuri pembeni. Tapeli aliniletea barua yenye matundu, nami nikamzibia, bure, kwa mashine yangu.

Ukoo ulisoma barua yangu, Seifu. Ya tapeli hawakuiona.

Wakili alitaka kwanza ada ya kufungua jalada. Hiyo nilimtumia kimya kimya kutoka Dar, na nitairudia huko mbele. Kisha akataka fungu kubwa la kuhamisha mali, na hilo sikuwa nalo. Lililokuwepo ni shamba la mikorosho la Umwe, ambalo babu aliwaachia bibi Mwanahawa na Jumanne kwa pamoja. Miaka yote bibi alikataa liguswe. Alikuwa akisema, "Nusu ya mwenyewe hajaja." Sasa mwenyewe alikuwa amekufa, kwa ndege, na mimi ndiye niliyesema. Kikao cha ukoo kikaamua isomwe hitima, halafu siku hiyo hiyo shamba liuzwe. Mnunuzi alitoka Dar, bwana mmoja wa korosho mwenye mkoba wa ngozi. Mkataba nilikuwa nao tayari, nakala tatu, umebaki saini ya bibi.

Unaikumbuka siku yenyewe. Ubani umejaa uani, maalimu wamemaliza kusoma, bibi yako amefunga kanga nyeusi na macho yamemvimba. Mnunuzi ameketi kwenye kiti cha peke yake. Mimi nimeshika faili.

Ndipo akaingia Mwalimu Shija na baiskeli yake, kutoka Kibiti mpaka Umwe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ni jirani wa duka na mwalimu wa shule, Msukuma, na Wasukuma kwetu ni watani. Msiba ukiwa wenu, mtani haombi ruhusa. Anakuja kuwadhihaki waliofiwa, anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa, na hakuna wa kumkasirikia. Ndiyo kazi yake.

"Nyie Wandengereko!" akapiga kelele toka mlangoni. "Mnafiwa hamniambii? Mnataka kula pilau peke yenu!"

"Nenda zako weye, mtani," bibi akamwambia. "Leo sina cheko miye."

"Siondoki. Nimekuja kazini. Leteni nguo za marehemu nivae."

Wakatazamana. Nguo hazikuwepo.

"Kofia basi. Viatu. Hata leso." Hakuna. "Haya, msiba gani huu! Basi niambieni marehemu alitembeaje, nitembee."

Bibi, ingawa hakutaka, akajibu. "Alikuwa akichechemea kidogo. Mguu wa kulia. Alijikata shoka huko mikokoni."

Mwalimu akachechemea hatua tatu, akasimama. "Huyu ni kijana wa boriti, mama. Mimi namtaka mhandisi. Mhandisi alitembeaje?"

Akawazungukia maalimu mmoja mmoja.

"Alikula nini? Alicheka vipi? Mkewe aliitwa nani?"

Na hapo watu wote wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na barua. Nikafungua faili. Nikasoma juu mpaka chini, nikajua kabla sijafika chini kwamba hamna. Marehemu alikuwa na benki, na wakili, na kumbukumbu namba. Mguu hakuwa nao.

Mwalimu akajitupa mkekani. "Basi nife tu, nile. Nimekufa na nini?"

"Na ndege," nikasema.

Akainuka, akatanua mikono, akazunguka masufuria ya pilau akivuma, akaanguka chali. Watoto walikuwa wameanza kucheka, na wewe ukiwemo. Akafungua jicho moja. "Ndege ya kutoka wapi kwenda wapi, Mama Taipu?"

"Barua haisemi."

"Umeisoma yote?"

Sijui ni kitu gani kilichonitoa maneno. Labda uchovu wa kuziba. Nikasema, "Na gari."

"Gari gani tena?"

"Aya ya nne. Ile ya Kiingereza. Inasema alikufa na gari."

Mwalimu akaketi pale pale, vumbi mgongoni. "Mimi nimekufa mara mbili?"

Aliyecheka kwanza alikuwa bibi yako. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alicheka huku machozi ya msiba hayajakauka, akasema, "Jumanne yule? Kufa mara mbili? Mvivu yule, hata kuchota maji mara mbili alikuwa hawezi!" Basi uwanja mzima ukaanguka. Bwana wa korosho alikula sinia lake, akafunga mkoba, akaaga. Mikataba bibi aliwashia jiko la chai. Nilipomwomba radhi kwa kumliza msiba wa uongo, akaniambia kaka yake alikuwa amekaa kifuani miaka mingi bila kuliliwa, na sasa amemlilia, na pilau limeshapikwa, basi tule.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua. Shamba likapona. Na tangu siku hiyo barua za namna ile zimekuwa tamthilia yetu. Unakumbuka nilivyokuwa narudi na karatasi nilizozichapisha Dar, na Mwalimu Shija akitoka kanisani Jumapili anapitia hapa dukani, tunampikia chai, na wewe unasoma kwa sauti ya bwana wakili? Yule mjane mgonjwa aliyetaka kuniachia dhahabu yake kwa kuwa moyo wake umenipenda, na hajaniona hata picha. Jenerali aliyekimbia nchi yake na masanduku, ambaye katika watu wote wa duniani wa kumtunzia alimwona mpiga chapa wa Kibiti. Bahati nasibu niliyoshinda bila kununua tiketi. Mwalimu alikuwa akiweka kikombe chini, anauliza swali lile lile: "Marehemu alitembeaje?" Na sote hoi.

Huko uendako zitakufuata. Chuoni mtakuwa na kompyuta, na sasa naona zimeanza kuja hata kwenye simu, mtu anakuambia baba yako mdogo yuko hospitali tuma nauli. Siwezi kukufundisha sura zake zote maana zinabadilika. Mimi huwa nafanya kama Mwalimu. Naiambia barua, haya, inuka utembee. Huyu anayeniandikia ana mguu gani? Anajua nini juu yangu ambacho hakimo kwenye jina langu? Mtu wa kweli hata akikuomba ana vurugu zake, atakutajia mbuzi aliyepotea na shangazi aliyenuna, hakukimbizi. Yule mwingine ana haraka, na ana siri. Hapo kwenye siri ndipo ninapokuwa mkali, na sasa nakuambia kwa nini.

Ile ada ya kufungua jalada niliyomtumia wakili ilikuwa ada yako ya shule.

Ulikuwa umemaliza darasa la saba. Ulifanya mtihani wa kuingia shule ile ya bweni ya kulipia, uliyoipenda kwa sababu uliona picha ya maabara yao. Tulikuwa tunangoja majibu. Ada niliiweka akiba mwaka mzima, nayo nikaipeleka kwa Mhandisi Mbonde, nikiwa na hakika itarudi mara mia kabla hujaiuliza. Pale Umwe, watu walipokuwa wakicheka, mjomba wako mmoja aliniuliza kama kuna chochote kilichokwishatumwa. Nikasema hakuna. Nilicheka pamoja nao, na nilikuwa nacheka kweli.

Wiki moja baadaye nilifungua sanduku la posta nikakuta barua ya shule. Ulikuwa umekubaliwa. Ada ilitakiwa katika siku kumi na nne.

Nilikaa nayo siku mbili. Ningeweza kwenda kwa bibi. Ningeweza kwenda kwa Mwalimu Shija, ambaye angenicheka mpaka usiku kisha angezunguka na baiskeli kwa walimu wenzake wakanichangia, namjua. Nilichotakiwa kufanya ni kuchekwa mara ya pili tu. Sikuweza. Niliona nimeshachekwa vya kutosha kwa mwaka mmoja. Yule wakili aliponiambia nisimwambie mtu, alikuwa tapeli na alikuwa mbali. Safari hii aliyeniambia nilikuwa mimi.

Siku ya tatu ulirudi kutoka dimbani, miguu imejaa matope, ukauliza kama mimi nimepita posta. Nikakuambia shule imejibu, nafasi hukupata.

Hukulia. Ulisema, "Sawa, mama." Ukaenda kunawa. Halafu ukarudi ukasimama mlangoni ukaniuliza ni somo gani lililokuangusha. Nami, mpiga chapa hodari, nikaona pengo kwenye barua na nikaliziba. Nikasema, "Hesabu."

Sijui kwa nini nilichagua hesabu. Ilikuja tu mdomoni, kama ile ndege.

Mwaka ule ulikaa nyumbani. Ulijifunza kupiga chapa hapa hapa, ukawapigia watu barua za kuomba shule. Na kila jioni ulikwenda na daftari kwa Mwalimu Shija, kwa sababu ulimwambia hesabu ndiyo iliyokuangusha. Alikufundisha bure mwaka mzima, naye hajui mpaka leo. Mwaka uliofuata ukaingia shule ya kata. Niliwahi kukusikia ukimwambia rafiki yako, nyuma ya nyumba, mkimenya mihogo, "Mimi sina kichwa, mimi nakesha tu." Ulisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kabila lake. Nilikuwa ndani. Nilipaswa kutoka. Nikaendelea kupiga mkataba wa watu.

Na kesho unakwenda kusomea ualimu wa hesabu. Najua moyo wako, Seifu. Ukifika hapa utatafuta njia ya kuniokoa. Utasema, mama, usingesema lile nisingejifunza, ilikuwa heri. Tafadhali usinipe hilo. Hata yule tapeli tukimkamata atasema alitufundisha jambo. Jitihada ni zako na za Mwalimu, mimi nilichotoa ni uongo. Nilikuibia mwaka mmoja, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba nilikuandikia barua ya uongo juu yako mwenyewe, ukaiamini miaka saba kwa sababu ilitoka kwangu, na hukuwa na sababu ya kuuliza inatembeaje. Naumia kila ninapokuona ukihesabu mara mbili kitu ulichokipata sawa mara ya kwanza.

Nakuomba radhi. Nimeiandika sentensi hiyo mara nne pembeni ya gazeti nikitafuta namna nzuri, nimerudi kwenye ile ya kwanza.

Ukikasirika, kasirika. Usinipigie simu siku ile ile kwa kunionea huruma. Mwanza utakuwa katikati ya watani zako, wametapakaa kila upande, watakusema wewe mtu wa pwani mvivu mla nazi, na utawajibu. Ninachokutakia huko ni mmoja wao aliye kama Mwalimu Shija, ambaye unaweza kumpelekea jambo la aibu likiwa bado bichi, akakucheka mkiwa mmekaa wote mkekani. Mimi nilikuwa naye, nyumba ya tatu kutoka hapa, na nikampita kila siku nikimwamkia. Kesho nikishakusindikiza stendi nitakwenda kwake nimwambie yote, na ya hesabu pia. Atakavyonifanya ni haki yake.

Nasikia baiskeli barabarani, nadhani ni wewe, kwa hiyo namaliza.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa mara tatu. Miaka yote imekaa chini ya kitambaa cha sanduku la mashine. Ni barua ya ile shule. Ina kumbukumbu namba, na safari hii nyuma yake kulikuwa na kabati, na maabara, na kitanda chako. Mhuri umepigwa umepinda, na aliyeipiga ameruka mstari mmoja katikati. Sijaigusa. Wameorodhesha masomo yote na alama ulizopata, na chini mwalimu mkuu ameongeza kwa mkono wake maneno machache. Mengine utasoma mwenyewe, lakini haya lazima uyasikie kwangu, kwa kuwa kinyume chake ulikisikia kwangu.

Hesabu ulikuwa wa kwanza.

Mama yako,
Asha